Yai la Dakika Nne

Amsterdam, 6 Februari 1992

Mpwa wangu Neeltje,

Barua yako imefika, imejikunja kwa unyevu wa huko kisiwani kwenu kama samaki aliyekaushwa vibaya. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, kama mjomba wako bado yu hai. Yu hai, na amenenepa. Jana asubuhi nimeipitisha boti yangu Mbayuwayu chini ya daraja lile la chini kuliko yote la Mfereji wa Watengeneza Bia, maji yamejaa hadi nafasi iliyobaki kati ya paa la boti na jiwe la daraja ni unene wa kipande cha jibini, na jibini lenyewe limekatwa na mchoyo. Watu juu ya daraja walipiga makofi. Sharubu langu la kulia limepungua na sikwenda kwa kinyozi. Huamini? Njoo unipime.

La pili ni mama yako, kama anakuulizia. Neeltje, hilo tuliache. Dada yangu Gonda unamjua. Tangu asubuhi ile, miaka mitatu iliyopita, tulipokaa ndani ya boti hii hii watu ishirini na wawili na mayai ishirini na matatu, tumebanwa na nguo za harusi, tunamsubiri bibi harusi ashuke ngazi za gati tule kiamshakinywa kisha tumpeleke kwa maji hadi ofisi ya manispaa, na bibi harusi asitokee, kumbe yuko kwenye treni anakwenda zake Vlieland kwa mfuga kondoo, tangu asubuhi hiyo mama yako hakutaji. Nikikutaja mimi, anawasha mashine ya kusaga kahawa. Koos uliyemwacha ameshaoa, ana kitambi na amesahau. Mama yako hajasahau.

Basi nikupe kitu kitamu zaidi. Nina abiria wa ajabu.

Ni mwanamke mtu mzima. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili na nusu asubuhi, anakodi chombo kizima kwa ajili yake peke yake. Mimi nimebeba mabalozi, nimebeba mfalme mmoja aliyesahau taji lake chooni, lakini mtu kama huyu sijapata kumwona. Anataka kiamshakinywa cha watu wawili. Sahani mbili, vikombe viwili, mayai mawili, kila yai na kofia yake ya sufu ya kulitunzia joto. Anakaa upande mmoja. Kiti cha mbele yake hakina mtu. Anakula polepole, anaangalia maji. Mwisho kabisa anapenyeza kidole chini ya kofia ya lile yai la pili, analigusa, anasema, "Limepoa." Kisha anashuka.

Neno moja tu, "limepoa," na kwaheri yake ndiyo hiyo.

Msalimie Wytze na kondoo wake, wote kwa majina.

Mjomba wako,
Rinus, Nahodha

* * *

Vlieland, 11 Februari 1992

Mjomba Rinus,

Mfalme kasahau taji chooni! Mwaka juzi ilikuwa meno ya dhahabu. Angalau usibadilishe kitu alichosahau.

Lakini huyu mama wa Jumatano simwachi. Nimemwaza tangu juzi hata maziwa yakafurika jikoni. Alianza lini kuja? Ana umri gani? Anavaa pete? Kile kiti ni cha nani? Wytze anasema ni cha marehemu mumewe. Mimi nakataa. Mtu hamchemshii marehemu yai kisha akashangaa kwamba limepoa. Huyo anamsubiri mtu aliye hai. Mchunguze, Mjomba. Wewe una mdomo wa kumfungua hata chaza, utashindwaje na mama mmoja kwenye meza?

Umenikwepa kuhusu Mama. Sawa. Sikulazimishi useme analosema. Nakuomba uangalie kitu. Utakapokwenda kwake kunywa kahawa, omba kwenda chooni. Kalenda ya siku za kuzaliwa bado iko pale ukutani, mbele ya macho ukikaa, kama chooni kwa kila mtu nchi hii. Fungua Juni. Tazama tarehe tisa. Kama jina langu amelifuta, niambie. Kama lipo, niambie. Nataka kujua tu, ili niache kujiuliza. Miaka mitatu ni mingi kujiuliza kitu ambacho kimeandikwa ukutani.

Huku upepo mtupu. Siku hizi kahawa inanichefua, sijui ni maji ya kisiwa.

Wako,
Neeltje

* * *

Amsterdam, 5 Machi 1992

Neeltje mpwa wangu,

Choo cha mama yako nimekwenda. Mlango uligoma. Umepigiliwa misumari, sijui mafundi wamefanya nini humo. Nilijibana hadi nyumbani kwangu. Nitajaribu mara nyingine.

Sasa tumfuate wetu wa Jumatano. Umri wake ni wa makamo, kama mimi, ila mimi sionekani. Pete anayo. Kwamba alianza lini kuja, ni zamani, na sikukuambia kwa sababu nahodha hutunza siri kama daktari. Nimemchunguza jana kwa akili. Nilimwambia, "Mama, mgeni wako amechelewa leo." Akaniangalia kwa jicho la kukausha rangi ya boti. "Wewe endesha," akasema. Nikaendesha.

Nina mawazo matatu. Moja, ni jasusi, na yai la pili ni ishara kwa mtu aliye dirishani. Mbili, ni binti wa kifalme wa Ubelgiji aliyetoroka. La tatu nimelisahau, lilikuwa zuri kuliko yote.

Yako mambo mengine nimeyaona. Yai lake mwenyewe analitaka gumu kama goti. La pili anataka lichemshwe dakika nne, si tatu, si tano, na anasimama nyuma yangu jikoni ameshika saa. Ule mkate wa asali na viungo anaukata kwa mpangilio, halafu kile kipande cha mwisho, kile kikavu chenye ganda pande zote, anakiweka kwenye sahani ya kiti kitupu. Siagi anaipakaza yeye kwenye vipande vyote viwili. Jana batamaji mmoja, mkubwa kama ndama, alipenyeza shingo dirishani akitaka kile kipande. Mama yule alimpiga kwa kijiko cha yai. Batamaji akaomba radhi. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Halafu kuna kusimama. Katikati ya safari huniambia nizime injini, tunafunga kamba kwenye gati lile lile kila mara, tunakaa dakika kumi. Hashuki. Hapandi mtu. Anatazama mkate wake. Kisha anasema, "Haya, twende."

Wewe msomi, fumbua.

Mjomba,
Rinus

* * *

Vlieland, 10 Machi 1992

Mjomba,

Gati gani?

Nauliza tena ili usijifanye hukuona: gati gani?

Na yai la dakika nne ni la nani? Nani katika maisha yako unamjua anapenda yai lenye kiini kinachotiririka? Nani alikuwa akipigania kile kipande cha mwisho hadi Baba, Mungu amrehemu, akawa ananunua mikate miwili ili kuwe na ncha nne?

Nimeiwaza barua yako siku tatu. Wytze anasema watu wengi hula hivyo. Labda. Sitaki kujidanganya, maana nikijidanganya nikakosea itauma zaidi ya kutojua.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mnasema asubuhi ile sikutokea. Nilitokea. Nilikuja kwa baiskeli, nimevaa gauni, pindo nimelibana kwa vibanio vya nguo. Nilisimama juu ya daraja, hapo juu yenu kabisa. Niliwaona wote kupitia kioo cha paa. Wewe ulikuwa unasimulia kitu na mikono yote miwili. Koos alikuwa anakula, hakusubiri. Na Mama alikuwa ameinama anahesabu mayai. Nikasema, akiinua kichwa tu, nashuka. Aliyahesabu, akayahesabu tena. Hakuinua kichwa. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu stesheni.

Basi. Sasa unajua. Gati gani?

Neeltje

* * *

Amsterdam, 2 Aprili 1992

Neeltje,

Nakuandikia kabla hata ya bia. Gati nitakuambia. Kwanza sikiliza lililonipata jana, na usicheke, maana kulikuwa na wakati nilidhani nitarushwa mferejini.

Jumatatu, familia moja ya Mtaa wa Mierezi ilikodi Mbayuwayu kwa kiamshakinywa cha kumshangilia mtoto wao mchanga. Shangazi kumi na mmoja. Wakaja na vyote vinavyoliwa huku mtoto akizaliwa, yaani ile mikate mikavu ya duara inayovunjika ukiitazama kwa hasira, na kopo kubwa la vipanya, vile vidonge vya sukari vyenye mbegu ya bizari tamu ndani, vyeupe na vya waridi kwa kuwa mtoto ni wa kike. Walikula, wakaimba, wakaondoka. Kopo likabaki nusu.

Jana Jumatano naandaa meza ya abiria wangu. Natazama, chembe za chokoleti ninazomnyunyizia kwenye mkate zimekwisha! Duka bado limefungwa. Mimi, mtu wa kufikiri haraka, nikaona kopo. Sukari ni sukari. Nikapaka siagi mikate miwili mikavu, nikamwaga vipanya juu, vyeupe na waridi, vimekaa vizuri kama bustani. Nikapeleka mezani, mmoja kwake, mmoja kwenye kiti kitupu.

Mtoto wa miaka mitano katika nchi hii anajua maana ya sahani hiyo. Mimi nina hamsini na sita, na wala sikufikiria.

Aliitazama sahani yake. Akaitazama ile nyingine. Akaweka kisu chini taratibu.

"Lini?" akasema.

"Lini nini?"

"Kazaliwa lini?"

"Nani?"

"Rinus, tangu ukiwa na suruali fupi hujui kuficha kitu. Wa kike. Kazaliwa lini?"

Nikamwambia ukweli mtupu. Chokoleti imekwisha, hili ni kopo la watu wa Jumatatu, mimi sijui mtoto yeyote. Neeltje, maisha yangu yote nimesema uongo watu wakanunua. Jana nimesema ukweli, sikupata mteja. Alinitazama kama anatazama kifungo kibovu.

"Hata hili amenificha," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikula ule mkate wake, chembe moja moja. Wa pili hakuugusa. Hakuligusa hata yai. Tulipofika akasema, "Mwezi ujao usiandae kitu," akashuka bila kugeuka.

Usiniulize amezijuaje suruali zangu fupi.

R.

* * *

Vlieland, 4 Aprili 1992

Mjomba,

Nani kakuambia? Wytze anaapa kwa kondoo wote mia na arobaini kwamba si yeye. Mkunga yuko Harlingen, ng'ambo ya maji, hakujui. Hakuna mtu mwingine anayefahamu. Nilitaka miezi mitatu ipite kwanza ndipo niseme.

Nina mimba, Mjomba. Mwisho wa Septemba. Sijui kama ni wa kike au wa kiume, hakuna anayejua, na wewe umemwaga vipanya vya waridi!

Na abiria wako ni Mama. Nilijua tangu kile kipande cha mkate, nikajikataza kujua. Anakodi boti kila mwezi anachemsha yai langu! Na wewe unaniletea majasusi na Ubelgiji!

Sasa anadhani nimeshazaa nikamficha mjukuu. Hilo ndilo linaloniua. La harusi nilikosa, nakubali, nililifanya kweli. Hili sijalifanya. Na ameshasema usiandae tena. Yaani kile kiti kilikuwepo miaka mitatu sikujua, na siku nimejua kinaondolewa.

Jibu leo leo. Unafahamu nini, uliapa nini, na jina langu lipo kwenye ile kalenda au halipo?

Neeltje

* * *

Amsterdam, 7 Aprili 1992

Mpwa wangu, mama mtarajiwa,

Sikujua! Naapa. Barua yako niliisomea gatini nimesimama, nikamaliza nimekaa juu ya kamba zilizolowa, na nimekaa hapo mpaka suruali ikalowa yote. Hongera! Hongera zako, hongera za Wytze, hongera zangu mimi ninayepanda cheo. Vipanya vilijua kabla yangu.

Sasa kuungama, na hii haina batamaji ndani yake.

Ni Gonda. Alianza mwezi uliofuata ile harusi isiyofungwa. Aliniapisha kwa birika la kahawa la marehemu mama yetu kwamba sitakuambia. Nikaapa kwamba sitakuambia mama yako anafanya nini. Kusimulia habari za abiria wangu hakukuwamo katika kiapo. Nilitumai utafumbua, nami nibaki mtu wa neno lake.

Gati ni lile lile la harusi, ngazi za mbele ya Kanisa la Kaskazini, chini ya daraja ulilosimama.

Choo hakina misumari. Jina lako lipo. Tarehe tisa Juni, kwa wino, kwa mwandiko wake ule wa kuandikia bei za vifungo dukani kwake. Na kila mwaka tarehe tisa Juni ananunua keki, ananiita, ananipa mkono na kusema, "Hongera, Rinus," kwa sababu mimi ni mjomba wa mwenye siku. Mimi nasema, "Hongera nawe, Gonda." Tunakula keki. Jina halitajwi. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, sijui ya nani.

Jana nilikwenda nyumbani kwake kumweleza. Hakufungua. Alisema kupitia tundu la barua, "Nenda kasimulie watalii." Nikamwambia mtoto bado, ni Septemba, naapa. Akasema, "Wiki iliyopita hukujua mtoto yeyote. Leo unajua mpaka mwezi." Unaona? Nikinyamaza ni mwongo, nikisema ni mwongo zaidi. Nimejijengea jina kwa miaka hamsini na sita na sasa linanila.

Lakini nilichungulia dirishani, na mezani kulikuwa na sufu ya waridi, na sindano mbili za kufumia.

Mwandikie wewe. Kutoka kwangu hata saa ya kanisa haitaaminika.

Rinus

* * *

Vlieland, 14 Aprili 1992

Mama,

Sijazaa. Mjomba hakudanganya safari hii, chokoleti ilikwisha kweli. Mtoto anatarajiwa mwisho wa Septemba na wewe ni mtu wa nne kujua. Ungekuwa wa tatu kama Mjomba angejua kutunza jikoni. Naweka ndani karatasi ya mkunga, ina tarehe na mhuri.

Nimejua kuhusu Jumatano. Usimkasirikie, hakutaja jina lako, alinitajia mkate.

Asubuhi ya harusi nilikuja. Nilikuwa juu ya daraja na baiskeli. Nilikusubiri uinue kichwa. Ulikuwa unahesabu mayai na hukuinua, nikaona labda mayai yanakutosha bila mimi. Ilikuwa fikra ya kitoto. Ningeshuka nikakuambia usoni kwamba simtaki Koos. Niliogopa wageni ishirini na mmoja. Wewe sikukuogopa, ingawa nilisema hivyo kwa watu.

Jumatano tarehe sita Mei nitakuwa darajani saa mbili na nusu. Sijui kama boti itakuwepo. Nitaangalia tu.

Neeltje

* * *

Amsterdam, 21 Aprili 1992

Neeltje,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara moja dukani na mara moja nyumbani. Karatasi ya mkunga nairudisha, utaihitaji.

Kuhusu daraja. Mayai ishirini na matatu hayahitaji kuhesabiwa mara tisa. Mimi nauza vifungo, nahesabu mia kwa kutazama tu. Niliiona baiskeli yako. Niliona gurudumu la mbele na kile kikapu nilichokifunga mwenyewe kwa kamba ya bluu kilipokatika. Nikajua uko pale na nikajua kwa nini hushuki. Nilisema moyoni, akijua nimemwona atashuka kwa ajili yangu, na ataolewa kwa ajili yangu. Nikainama nikahesabu. Nilipoinua kichwa baiskeli haikuwepo.

Nilikuachia uamue, kisha nikakukasirikia kwa kuamua. Wala hukuaga. Hayo mawili niliyachanganya nikashindwa kuyatenganisha, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo nilivyoona haya kuanza. Nikaona nianze na yai.

Koos simtaki mezani tena. Anaongea na chakula mdomoni.

Ile sufu ya waridi dukani wamekataa kuipokea. Nimefumua nilichofuma. Nitanunua nyeupe.

Kwenye kalenda, mwezi wa Septemba, nimepiga mstari kwa penseli. Jina utaniambia.

Rinus ameambiwa aandae.

Mama

* * *

Amsterdam, 7 Mei 1992

Bwana Wytze,

Hatujaonana ana kwa ana, lakini nimekusikia mengi, na nusu yake nimeyaongeza mwenyewe. Neeltje amelala chumba cha juu kwa mama yake, amechoka, amekula. Amesema kondoo wanazaa na usingeweza kuja, basi mtu akuandikie. Nani mwingine? Mimi ndiye nahodha.

Jana asubuhi Gonda alipanda saa mbili na robo. Hakunisalimu. Aliweka meza mwenyewe. Akakata mkate, akaiweka ncha mahali pake. Nilimuuliza, "Leo tutazunguka kwanza?" Akasema, "Leo hatuendi popote. Kaa gatini." Mimi nimeendesha boti miaka thelathini na moja, sijawahi kuendesha safari ngumu kama hiyo ya kukaa mahali pamoja.

Saa mbili na nusu ikafika, daraja tupu. Akapita mtu na mbwa. Akapita mzee na ngazi ya kupakia rangi. Gonda amekaa wima, mikono mezani, na kichwa, Wytze, kichwa amekiinua juu kabisa, anatazama kupitia kioo cha paa, shingo imenyooka mpaka nikaogopa itakakamaa. Hakupepesa. Robo saa nzima!

Kisha gurudumu la mbele likatokea. Baiskeli ya kukodi stesheni, ya njano, mbaya kabisa.

Neeltje akasimama akashika ukingo. Akatazama chini. Gonda akatazama juu. Nikasema moyoni, Rinus, funga mdomo, na nikaufunga, waulize batamaji.

Neeltje akaita kutoka juu, "Mama! Mayai mangapi?"

"Mawili!" Gonda akajibu, sauti imetoka kubwa mpaka dirisha moja la jirani likafunguliwa. "Unasubiri nini hapo? Yanapoa!"

"Nashuka! Baiskeli niifunge wapi?"

"Itupe mferejini!"

Hakuitupa. Aliifunga kwenye ukingo kwa minyororo miwili, huyu ni wetu wa Amsterdam bado. Akashuka ngazi, moja moja, ameshika tumbo ambalo halijawa tumbo. Nilimpa mkono apande. Gonda hakunyanyuka. Akavuta tu kile kiti kwa mguu, chini ya meza, kikatoka kidogo.

Neeltje akakaa.

Kuhusu waliyosema, mengi sikusikia kwa sababu ya injini. Najua injini ilikuwa imezimwa. Waligombana kidogo kuhusu nani alipaswa kuandika kwanza, kisha kidogo zaidi kuhusu majina, maana Gonda anataka la marehemu mumewe na Neeltje amesema jina hilo ni la farasi. Nilitoa langu, nikaambiwa na wote wawili kwa sauti moja, "Wewe endesha."

Nikawasha injini. Lakini kabla ya kufungua kamba nilichungulia, maana kuna jambo nilitaka kuliona kwa macho. Gonda alikuwa anaisukuma ile kofia ya sufu taratibu mbele, kwa kidole.

"Liguse," akamwambia.

Neeltje akapenyeza kidole chini yake.

"Bado la moto," akasema. Akalipasua.

Sasa Wytze, wewe ni mtu wa familia, nikwambie la siri. Watu watasema vipanya vile vilikuwa bahati, au uzembe wa mzee asiye na akili za jikoni. Si kweli. Nilipanga kila kitu tangu Februari. Chokoleti niliificha mwenyewe. Mtoto nilimwona katika mwandiko wa Neeltje, kwa jinsi anavyoandika neno kahawa. Simulia hivyo huko kisiwani.

Yai lilikuwa la dakika sita. Mpishi, ndiye mimi, aliingiwa na moshi wa dizeli machoni, saa hakuiona. Mpwa wangu alilila lote, mpaka chini, hakusema kitu.

Mjomba wako pia, kuanzia sasa,
Rinus, Nahodha wa Mbayuwayu

Kopo la vipanya nimelifungia. Nimeshanunua na la bluu.